Mbaraka Mwinshehe: Jogoo la Morogoro lililowika hadi Osaka

Siku hizi kijana wa Kisauni, wa Lamu, wa Meru au wa Embu akikufungulia simu yake akusikilizishe muziki mpya, usishangae ukisikia mdundo wa ngoma za kwetu umefumwa pamoja na nyuzi za koto ya Kijapani au zumari la Kichina, vyote vikiwa vimepikwa kwenye kompyuta. Kampala kuna studio zinazowakaribisha Wajapani wakae miezi kadhaa na wasanii wetu. Mwaka 2021 Mjapani anayejiita Scotch Rolex alitoa huko albamu ya muziki wa kielektroniki akishirikiana na MC Yallah wa Uganda na Mkenya Lord Spikeheart. Vijana wanaona wamegundua dunia mpya. Wazee wanatikisa kichwa, wanasema muziki wetu unauzwa kwa wageni.

Pande zote mbili zimesahau jambo moja. Njia ya muziki kati ya Afrika Mashariki na Japani haikufunguliwa jana. Zaidi ya miaka hamsini iliyopita ilipitwa na kijana wa Morogoro, gitaa mkononi. Alikwenda Osaka na akarudi. Baadaye akafia hapa kwetu Mombasa. Jina lake Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Maisha yake ni mafupi, lakini yanajibu swali ambalo vijana na wazee wanagombania leo: mtu akichanganya muziki wake na wa mbali, anabaki na nini?

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Mji uliomlea kimuziki na kumpa jina ni Morogoro, mji ulio chini ya milima ya Uluguru, kwenye reli ya kati, uliozungukwa na mashamba ya mkonge. Mashamba hayo yalivuta vibarua kutoka kila pembe ya nchi, na kila kabila lilikuja na ngoma yake. Jumamosi jioni mtu wa Morogoro aliweza kusikia ngoma za makabila mengi bila kuondoka mjini. Huo ndio udongo aliokulia Mbaraka.

Tena Morogoro ilikuwa na bahati ya kuwa na bendi mbili kubwa zilizoshindana. Moja ni Cuban Marimba ya Salum Abdallah, mtu aliyezipenda santuri za Kikuba mpaka akaipa bendi yake jina la kisiwa kile, kisha akatunga kwa Kiswahili nyimbo ambazo bado zinapigwa harusini. Ya pili ni Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka ule ule aliozaliwa Mbaraka, 1944. Mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari, akiwa bado kijana. Cuban Marimba ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Upande wa pili, Morogoro Jazz ikapata kijana aliyeacha masomo ya sekondari kwa ajili ya muziki. Kijana huyo ndiye Mbaraka.

Kuacha shule wakati ule halikuwa jambo dogo. Nchi ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961, na aliyefika sekondari alihesabiwa miongoni mwa wachache ambao ofisi zilikuwa zinawasubiri. Mpiga gitaa, kinyume chake, alionekana mhuni tu. Lakini Mbaraka alishachagua. Alijiunga na bendi iliyokuwa na watu wazima wenye uzoefu, akiwemo mpuliza saksafoni Kulwa Salum, na haukupita muda mrefu akawa ndiye sauti na gitaa la mbele.

Wakati huo muziki wa Kongo ulikuwa umeshika Afrika Mashariki yote. Franco na Dokta Nico walikuwa ndio shule ya kila mpiga gitaa kutoka Kigoma hadi Mombasa. Mbaraka naye alisoma katika shule hiyo, na wapo waliomwita Franco wa Tanzania. Lakini hakubaki mwanafunzi. Alipunguza pambo, akaliacha gitaa liseme kwa uwazi, noti moja moja, kama mtu anayesimulia jambo asilotaka mwenziwe alikose. Mashabiki wakampa jina lililobaki naye mpaka kaburini, Soloist National.

Msomaji ambaye hakuwahi kuishi enzi za dansi anahitaji kujua namna muziki huu ulivyojengwa, maana hapo ndipo penye siri ya Mbaraka. Bendi ilikuwa na magitaa ya solo, rithimu na besi, pamoja na tumba, drams na saksafoni. Wimbo ulianza taratibu, maneno yakatangulia, kisa kikaelezwa hadi watu wakakielewa. Halafu mwendo hubadilika. Maneno yanapungua, magitaa yanaanza kuzunguka, tumba zinapanda, na ukumbi mzima unasimama. Sehemu hiyo ndiyo chemko. Kwenye santuri ndogo za enzi hizo wimbo mara nyingi ulikatwa vipande viwili, upande wa kwanza ukibeba kisa na wa pili ukibeba mchezo.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa kama bendera. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata, na Atomic Jazz wa Tanga walikuwa na Kiweka. Morogoro Jazz wakatembea na Sululu, kisha Likembe. Majina haya hayakuwa ya kupambia tangazo tu. Mtindo mara nyingi ulibeba mapigo ya ngoma fulani ya nyumbani. Gitaa lilikuwa la Ulaya, namna ya kulipiga imetoka Kongo, saksafoni ni ya wazungu, lakini miguu ya wachezaji ilitambua kilichokuwa chini ya vyote hivyo. Kwa lugha ya leo tungesema Mbaraka alikuwa akichanganya. Tofauti ni kwamba alianza na kilicho chake, ndipo akaongeza cha wengine.

Na hicho kilicho chake ndicho alichokipeleka Japani.

Maonyesho ya Dunia ya 1970, maarufu kwa jina la Expo 70, yalifunguliwa Osaka tarehe 15 Machi na kufungwa tarehe 13 Septemba. Yalikuwa ya kwanza ya aina yake kufanyika Asia. Nchi 77 zilishiriki, na watu wapatao milioni 64 waliyatembelea. Wamarekani walileta jiwe kutoka mwezini, ambako binadamu alikuwa amekanyaga mwaka mmoja tu kabla. Tanzania nayo ilijenga banda lake, nchi changa iliyotangaza Azimio la Arusha miaka mitatu nyuma na iliyotaka kuonekana kwa macho yake yenyewe. Morogoro Jazz ndio waliokwenda kuipigia.

Hebu tuitazame safari hiyo kwa jicho la muziki. Viwanja vile vya Osaka vilikuwa mahali ambapo muziki wa kielektroniki ulisikilizwa na umma mkubwa kuliko wakati wowote kabla yake. Wajerumani wa Magharibi walijenga ukumbi wa duara kama mpira, vipaza sauti vimemzunguka msikilizaji pande zote, juu na chini, na humo Karlheinz Stockhausen na wenzake walipiga muziki wa mitambo siku baada ya siku. Katika banda la viwanda vya chuma vya Japani ilipigwa kazi ya Mgiriki Iannis Xenakis, iliyochanganya kwenye kanda sauti za okestra na za biwa, ala ya nyuzi ya Kijapani. Kwa maneno mengine, ule mchanganyiko wa mitambo na ala za Asia Mashariki ambao kijana wa leo anauona mpya ulikuwa unapigwa pale pale, katika mwaka ule ule, ambapo Waswahili kutoka Morogoro walipiga dansi.

Walipanda jukwaani na magitaa na tumba zao, wakaimba kwa Kiswahili mbele ya watu wasiolijua hata neno moja. Hawakuvaa sura ya wenyeji wao ili wapendwe. Na waliporudi nyumbani, Mbaraka alitunga wimbo kuhusu Expo 70. Aliyategeneza yale aliyoyaona kuwa kisa cha Kiswahili, akakiweka ndani ya dansi, akawapa waliobaki Morogoro wachezee. Katika nyimbo zake zilizofuata gitaa ni lile lile, mapigo ni yale yale, ila mpigaji amezidi kujiamini. Kwetu kuna methali kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini, na Mbaraka mwenyewe alikuwa na wimbo wenye jina la Jogoo la Shamba. Lakini jogoo la Morogoro liliwika katika mji mkubwa wa Mashariki ya mbali, kisha likarudi bandani mwake.

Inafaa pia kukumbuka kwamba Japani ilikuwa imeshaingia majumbani mwetu kabla Mbaraka hajaenda Japani. Redio za National, zilizounganishwa na kiwanda cha Matsushita pale Dar es Salaam, zilikuwa ndizo masikio ya kijiji. Na hapa Mombasa wapenzi wa taarabu hawahitaji kufundishwa. Taishokoto, kile chombo cha nyuzi chenye vibonyezo kama vya taipureta, kilibuniwa na Goro Morita huko Nagoya mwaka 1912, kikapita India, kikatia nanga katika vikundi vyetu vya taarabu. Bibi zetu wamecheza na kutunza kwa sauti ya Kijapani miaka mingi bila kuuliza hati ya kusafiria ya ala. Walichouliza ni kama wimbo umeimbwa vizuri na kama maneno yana maana.

Baada ya Osaka, Mbaraka alikuwa mkubwa kuliko bendi. Nyimbo zake zilishika mambo ya nchi pamoja na ya nyumbani. Siku ya Krismasi ya 1971 Dokta Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa katika mvutano wa siasa ya vijiji vya Ujamaa, wimbo wa maombolezo uliobaki vichwani mwa watu ni wa Mbaraka. Huku akiimba msiba wa taifa, huku aliimba mapenzi yaliyovunjika, ndugu wanaosahauliana, na mji unaomla mtu. Hakuwa mtu wa mafumbo mazito kama watunzi wetu wa taarabu. Alisema kwa maneno ya barazani, na ndiyo maana hata asiyezaliwa na Kiswahili alimwelewa.

Mwaka 1973 aliondoka Morogoro Jazz akaunda bendi yake mwenyewe, Super Volcano, na mtindo mpya akauita Masika. Ni uamuzi wa mtu anayejua thamani yake. Hata hivyo, thamani hiyo ilikuwa na tatizo ambalo kila mwanamuziki wa Tanzania wa enzi hizo analijua. Redio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi na kuwarusha hewani nchi nzima, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Aliyetaka santuri dukani alihitaji Nairobi, ambako kampuni kubwa za kurekodi zilikuwa na studio na mitambo. Hivyo Kenya ikawa soko lake la pili, na kadiri miaka ilivyopita ikawa karibu nyumba yake ya pili. Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Kenya ilifika Pwani, ilifika Meru na Embu, ilifika magharibi. Hakukuwa na haja ya kuwa Mluguru wala Mswahili ili umpende Mbaraka.

Kisha siasa zikaingia kati. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwezi Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Familia za Lunga Lunga na Horohoro, za Vanga na Tanga, zilijikuta ng'ambo mbili za mstari ambao babu zao hawakuujua. Watu wa Pwani wanaikumbuka miaka hiyo vizuri. Santuri za Mbaraka, hata hivyo, ziliendelea kuzunguka upande huu. Wimbo wake Shida, aliourekodi Nairobi karibu na mwisho wa maisha yake, ndio uliouzwa na kupendwa kuliko zote. Ni sauti ya mtu aliyelemewa na dhiki za dunia, juu ya gitaa lisilolia kwa sauti kubwa bali linalokaa pembeni ya mwenye shida kama rafiki. Matatu ziliupiga, baa ziliupiga, na vyumba vya kupanga viliupiga usiku. Mpaka ulifungwa, lakini wimbo haukuwa na pasipoti ya kukaguliwa.

Tarehe 12 Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya barabarani Mombasa. Alikuwa na miaka 34. Wanajeshi wa Tanzania walikuwa vitani na Idi Amin, mpaka na Kenya ulikuwa bado umefungwa, na mtu aliyeziimbia nchi zote mbili akawa maiti katika mji wetu. Mwili wake ulirudishwa Tanzania kuzikwa. Morogoro iliyompoteza Salum Abdallah barabarani mwaka 1965 ikampoteza na Mbaraka kwa kifo cha aina ile ile. Bendi nyingi ziliishi hivyo: ukumbi leo, safari usiku, ukumbi mwingine kesho. Barabara iliwalisha, na barabara iliwala.

Baada ya kifo chake nyimbo zilikusanywa katika mfululizo wa albamu zilizoitwa Ukumbusho, zikatolewa Kenya. Hizo ndizo zilizowafikisha kwake waliozaliwa baada ya 1979. Bado utazisikia, wakati mwingine zimewekewa midundo mipya ya kompyuta na vijana ambao hawajui hata jina la aliyelipiga gitaa wanalolikata vipande.

Na hapo ndipo maisha ya Mbaraka yanapotugusa sisi wa leo. Simo katika kundi la wanaosema vijana waache kompyuta. Gitaa la umeme lenyewe lilikuwa chombo cha kigeni mikononi mwa Mbaraka, na kama wazee wa Morogoro wangemnyang'anya tusingekuwa na Shida wala Kleruu. Wala simo katika kundi la wanaoogopa Japani na China. Bahari ya Hindi imetuletea vya huko kwa karne nyingi, na kauri za Kichina zilipamba misikiti na makaburi yetu kabla Mreno hajafika.

Ninachokiogopa ni kingine. Mbaraka alipanda ndege kwenda Osaka akiwa tayari na mtindo wake. Alijua ngoma iliyokuwa chini ya gitaa lake, aliijua lugha yake, alimjua anayemwimbia. Ndiyo maana alisimama katikati ya mitambo ya dunia nzima na asipotee. Kijana wa leo anaweza kuipata sauti ya koto kwa kubonyeza mara moja, na sauti ya ngoma ya Kiafrika kwa kubonyeza mara ya pili, vyote vikiwa vimehifadhiwa katika programu iliyotengenezwa ng'ambo. Sauti hiyo inaitwa ya Kiafrika tu. Ni ya nani? Ya kijiji gani? Huchezwa wakati gani? Programu haisemi.

Kijana wa Meru ana ngoma za Wachuka karibu naye, zile ndefu zinazobanwa kati ya mapaja, zikapigwa huku mpigaji akitembea na kucheza. Kijana wa Embu ana wapigaji katika tarafa yake mwenyewe. Wa Pwani ana chakacha, ana mwanzele, ana sengenya, na ana wazee wanaozijua na wanaopungua kila mwaka. Kabla ya kwenda kuchanganya na Tokyo, kuna safari fupi ya kufanya kwanza, ya matatu moja au ya miguu, hadi kwa mzee mwenye ngoma. Aketi, asikilize, aulize jina la pigo na maana yake, amlipe mzee haki yake, amwandike jina lake kwenye kazi. Baada ya hapo achanganye na anachotaka.

Mbaraka hakuacha nadharia ya muziki iliyoandikwa kitabuni. Aliacha santuri, na aliacha mfano. Kijana wetu akifika Osaka leo kwa ndege au kwa intaneti, wenyeji watamsikiliza kwa adabu kama walivyomsikiliza Mbaraka mwaka 1970. Koto wanayo wenyewe, na mitambo wanayo kutuzidi. Watakachosubiri kukisikia ni kile wasichonacho.